Wimbo wa Saba Hauna Picha

4 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Hapa kwangu wote wazima. Mke wangu anakusalimu. Bado anawashonea mapazia watu wasiojua wanataka rangi gani. Binti yetu ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, na anaimba kupitia hilo pengo mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi niko kulekule kiwanda cha chupa, kwenye ukaguzi. Nakaa mbele ya taa, chupa zinapita, yenye ufa naitoa. Kazi yenyewe inataka macho tu, kwa hiyo sina shida nayo.

Baba Mdogo aliniambia kwamba kiharusi kilikupiga mwezi wa kumi na moja na upande mzima umelala. Pole sana. Sikuandika mapema kwa sababu sikujua niandike nini.

Sasa lililonileta. Kwenye bahasha hii kuna flashi yenye nyimbo nane na video zake. Ni muziki wa Kikristo, Shangazi, usishtuke utakapoanza. Unaitwa pawa metali. Magitaa mawili ya umeme yanakimbizana, ngoma za chini zinapigwa kwa miguu yote miwili kwa kasi ya cherehani ya mke wangu siku ya kumaliza oda, na juu ya yote hayo anapanda mwimbaji mwenye sauti ya kupasua bati. Maneno yake ni ya Biblia: malaika vitani, kuta zinaanguka, farasi mweupe anakuja. Na hizo video! Watu wamevaa dirii na chapeo kwelikweli, wamesimama juu ya milima, hakuna anayeona haya.

Aliyenionjesha ni dereva wa foklifti. Wakati wa mapumziko tunagawana waya wa simu yake, yeye sikio la kulia, mimi la kushoto kama kawaida yangu. Katika muziki huu gitaa moja huwekwa kushoto na jingine kulia, kwa hiyo kila wimbo nausikiliza mara mbili. Mara ya pili nageuza waya ili nilisikie lile gitaa la pili. Dereva anacheka, anasema mimi napata nyimbo nyingi kuliko wenzangu.

Ninachokuomba ni kimoja. Zitazame zote nane, kisha uniambie ni koo lipi lina sauti ya kweli. Ulinitoa kwenye kwaya nikiwa na miaka kumi na mmoja, mbele ya kanisa zima, ukasema nalia kama debe lililokanyagwa, na jina hilo limenikaa mpaka leo. Sina kinyongo. Lakini mpaka leo sijapata mtu mwingine ambaye neno lake juu ya sauti naliamini.

Mwanao,
Debe

2 Machi

Kwa Debe,

Marahaba. Mwandiko huu usiucheke. Naandika kwa mkono ambao sikuuzoea; ule niliouzoea umelala mapajani kama paka wa mtu mwingine. Dada Jirani ananishikia karatasi isiteleze. Baba yako mdogo anaendelea kuoga marashi na kutafuta mke. Kwaya sasa iko chini ya Mwalimu Mpya, niliyemfundisha mwenyewe kwa bahati mbaya, na anawaacha soprano waimbe huku wanatafuna.

Nimezitazama. Dada Jirani alichomeka kitu chako kwenye runinga niliyopewa nilipostaafu, ile yenye spika mbili.

Wa kwanza, mwanamume yuko juu ya mwamba wa barafu na gitaa la umeme. Waya uko wapi? Ameuchomeka kwa Roho Mtakatifu? Upepo unapeperusha nywele zake za mbele tu, za nyuma zimetulia, maana yake kuna feni. Wa pili, malaika. Bawa moja linadondoka kwenye ubeti wa tatu naye anaendelea kuimba na bawa moja, kuku aliyeponea chupuchupu. Wa tatu, mwanamke amevaa dirii ndani ya kanisa lililojaa maji. Huyo ana koo, namkubali, ila maji yanamfika magotini na pindo la gauni lake ni kavu. Wa nne, kuta za mji zinaanguka. Jiwe kubwa kama jokofu linamwangukia mpiga tarumbeta begani, wala hajikuni. Sponji. Wa tano na wa sita ni wazee wenye vitambi ndani ya suruali za ngozi za kubana. Mungu ameona, na mimi nimeona, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyeomba kufumba macho. Wa nane una kwaya ya watu mia. Safi, ila alto wanachelewa.

Naelewa kwa nini unazipenda. Mtu asiyesikia sauti yake inapopotea hupenda kelele ambayo ndani yake kila mtu amepotea.

Wa saba hauna picha, ni wingu tu limesimama. Huo nitausema siku nyingine. Ulipoanza nilidhani runinga imeharibika, nikaagiza fundi aitwe.

Kula vizuri.
Shangazi

24 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Jino moja la binti limeanza kuchomoza. Anauliza kama na yeye anaweza kuingia kwaya, nami nimemwambia asubiri akue kidogo. Mke wangu alisoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini, hasa ile feni. Mimi sikucheka.

Sponji niliiona, Shangazi. Feni niliiona. Kazi yangu ni kuona nyufa, saa nane kila siku, siwezi kupitwa na pindo kavu. Lakini yule mwenye bawa lililodondoka hakuinama kuliokota. Aliimba mpaka mwisho, tena noti ya juu kabisa aliipanda akiwa na bawa moja. Mimi langu lilidondoka mbele ya kanisa zima, nikafunga mdomo miaka ishirini na miwili. Hata kwenye harusi yangu nilichezesha midomo tu. Ndiyo maana nampenda yule jamaa, na sijali bawa lake limetengenezwa na nini.

Katika muziki huu hakuna anayeambiwa apunguze. Mtu anaambiwa aje na sauti yake yote. Nyuma ngoma zinamsukuma, na sauti ikimpasuka gitaa linampokea, halafu kwaya inaingia kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nikiusikia nikiwa kwenye chupa zangu, nakaa wima. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Hukusema kitu juu ya wa saba. Nisemee huo tu, mingine tuiache.

Mwanao,
Debe

28 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Siandiki habari za nyumbani, maana tangu Machi hujaziuliza.

Nimesubiri miezi miwili. Kila siku napita posta nikitoka kazini, mpaka yule mama wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafika. Basi nimeelewa. Hata kunitukana umeona ni kazi.

Kama ulikuwa hujui, wa saba ni mimi. Dereva wa foklifti anapiga gitaa, fundi mitambo anapiga ngoma, na tulirekodi kwenye stoo ya maboksi. Mchanganyo wa sauti niliufanya mwenyewe, wiki tatu. Nilitaka uusikie bila kujua ni wa nani, useme ukweli wako. Umesema.

Sasa wimbo huo umepata picha. Meneja alituruhusu kutumia uwanja wa nyuma, pale vinapomwagwa vioo vilivyovunjika kabla ya kuyeyushwa tena. Ni mlima mzima wa vioo vya kijani na kahawia, na jua la saa tisa likipiga unashindwa kuutazama. Fundi mitambo alitukatia dirii na chapeo kwenye mabati ya mashine kuukuu. Hakuna sponji hata kipande. Safari hii dereva ndiye aliyechanganya sauti.

Na ndani yake kuna malkia wa giza. Ameigizwa na mpishi wa kantini, ila utamtambua. Nimehakikisha utamtambua. Flashi inakuja na basi, itakufika kabla barua zako hazijaamua kuandikwa. Waite wanakwaya wote, wa zamani na wa sasa, mtazame pamoja. Ulipenda sana kufanya mambo mbele ya watu.

Debe

19 Mei (imenifika 12 Juni)

Kwa Debe mwanangu,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa. Nililazwa wiki sita. Kiharusi kilirudi kuchukua kilichosahau. Niliwakataza wasikwambie, ungekuja na uso wa kunihurumia nami sina nguvu ya kuufukuza. Sasa niko nyumbani. Dada Jirani amejifunza kunichana nywele bila kuning'oa. Baba yako mdogo amekataliwa na mjane mwingine. Mwambie binti aimbe, pengo husaidia hewa.

Sasa wa saba.

Fundi wa runinga alikuja, akafungua, akapuliza vumbi, akasema spika zote mbili nzima. Tatizo ni wimbo wenyewe. Umekaa wote upande wa kushoto, kulia hakuna hata mchakacho wa panya. Akauliza ni wajinga gani walioutengeneza. Nikamwambia afunge runinga yangu aende zake.

Nilijua kabla hajarudisha skrubu. Ni mtu mwenye sikio moja tu anayeweza kuulaza wimbo mzima upande mmoja, akausikiliza wiki nzima na kuona umekamilika. Juu ya hilo sisemi zaidi.

Kisha nikausikiliza kama ninavyosikiliza. Unavuta pumzi kabla ya mstari wa nne, palepale nilipokuwekea alama ya penseli ukiwa na miaka tisa. Halafu sauti inapanda, inafika, inakaa. Haimwombi mtu ruhusa. Magitaa yanaivamia kutoka pande zote, au tuseme kutoka upande huo mmoja, nayo haiondoki. Hilo ni koo, Debe. Katika nane wewe ni wa kwanza, na yule mwanamke wa majini anakufuata kwa mbali.

Nilikosea kukutoa. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana nilipofika kwenye sentensi hiyo.

Nimehamishiwa kiti karibu na spika ya kushoto na nausikiliza kila asubuhi na chai. Hata ngoma zile za miguu miwili nimezizoea, zinanisaidia pale moyo unapokuwa mvivu. Baba yako mdogo anasema mnaupigia picha. Ikifika nitawaita wanakwaya wote, wa zamani na wa sasa, waje wakuone, na niliyoyaandika hapa nitayasema mbele yao kwa mdomo wangu. Nilikutoa mbele ya watu. Nitakurudisha mbele ya watu.

Shangazi

12 Juni

Shangazi, shikamoo,

Usiicheze flashi. Nakuomba kwa yote unayoyaamini. Kama imefika mpe Dada Jirani aivunje kwa kisigino, na kama umeshawaita watu waambie imeharibika.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa imefika leo. Uliandika namba ya nyumba yetu ya zamani, imezunguka wiki tatu mpaka mpangaji wa kule alipoileta kiwandani. Nimeisomea palepale kwenye ukaguzi na chupa zimepita bila mtu. Msimamizi amenipigia kelele, nikaendelea kusoma.

Sikujua kama umelazwa. Hakuna aliyeniambia. Nilikaa hapa nikikuchukia siku kwa siku na wewe uko kitandani hospitali. Nimempigia Dada Jirani, simu inapokelewa na mtu nisiyemjua anayesema nimekosea namba. Baba Mdogo yuko safarini na yake imezimwa. Basi liliondoka tarehe ishirini na nane. Najua linachukua siku mbili. Najua hesabu hiyo, Shangazi, usinikumbushe, lakini labda uliugua tena, labda umeme ulikatika, labda wanakwaya walikuwa na mazishi. Hebu ona ninavyokuombea.

Siku tuliyomchoma yule malkia kwa moto wa kompyuta nilipiga makofi. Kabla ya hapo, tulipokuwa tunatafuta mavazi, mpishi alicheka, akauliza huyu mama alinifanya nini. Nilimwambia tu atafute joho la bluu.

Neno ulilolisema juu ya koo langu ndilo nililolitaka tangu nikiwa mtoto. Sasa ninalo mkononi na siwezi kulifurahia hata dakika moja. Tafadhali usiitazame.

Mwanao

3 Julai

Kwa Debe,

Marahaba. Hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Simu ya Dada Jirani iliibwa sokoni. Baba yako mdogo amerudi na mbuzi badala ya mke. Barua yako ya kunizuia ilifika siku tisa baada ya Jumamosi yenyewe.

Walikuja ishirini na sita. Viti havikutosha, watu wa besi wakakalia ndoo. Mwalimu Mpya alileta keki. Mimi nilimwambia Dada Jirani anivishe joho langu la bluu, lile la kola ya njano, kwa heshima yako. Barua yako ya tarehe ishirini na nane sikuwa nimeisoma, ilikuwa bado njiani. Flashi ilikuja na dereva wa basi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, nami nikafurahi kwamba umeifunga vizuri.

Nilisimamishwa, wawili wakanishika. Nikasema kwamba huyu mtoto ana sauti kuliko wote niliowafundisha, wakiwemo waliokaa mbele yangu, na kwamba nilimtoa kwa makosa. Wakapiga makofi. Nikakalishwa. Ndipo nikasema ichomekwe.

Malkia wa giza alipotokea na joho langu, hakuna aliyegeuka kunitazama. Walijitahidi sana kutogeuka. Watoto wa kwaya ya kwenye video yako wamepangwa safu tatu, vinywa vimefungwa vitambaa vyeusi, na yeye anapita na fimbo ya kupigia mapigo, anamchapa huyu, anamchapa yule. Mmoja wa alto alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mzee mmoja wa besi, ambaye nilimfundisha akiwa bado hana ndevu, alishika sikio lake bila kujijua. Ulipomteketeza, nilisikia keki ikifunikwa. Mwalimu Mpya akauliza azime. Nikasema aache, na ulipoisha nikasema urudiwe kutoka mwanzo. Tuliutazama mara mbili. Waliondoka bila kukata keki. Mpaka leo hakuna aliyerudi.

Usilie, hukukosea peke yako. Uliniomba neno juu ya kazi yako, basi pokea.

Sauti ni safi, na spika zote mbili zilifanya kazi; mshukuru dereva wako wa foklifti. Dirii zimekaa, mabati yamepigwa vizuri. Vile vioo ni vizuri kuliko barafu ya yule wa feni, na pale unapopanda mlima huo ukiimba, miguu inateleza kweli na wewe huachi kuimba. Ni video bora kuliko zote ulizonitumia. Miwani ya malkia umeitia kamba; yangu wakati ule haikuwa nayo, kamba ilikuja baadaye. Hayo ni madogo.

Kosa kubwa ni fimbo. Mpishi wenu ameishika mkono wa kulia kama upawa. Mkono wangu ni wa kushoto, huu uliolala. Ulikuwa umesimama mbele yangu, safu ya kwanza, ukachelewa kuingia mstari wa nne. Nilipiga kwa kushoto, ikakupata upande wako wa kulia. Damu ilitoka sikioni. Nilikupa leso nikakwambia uendelee, nawe ukaendelea. Wiki iliyofuata ulianza kutoka nje ya sauti. Kwaya nzima ilidhani koo limekufa. Mimi nilijua kilichokufa ni nini. Nilijua hata siku nilipokuita debe mbele ya kanisa, kwa sababu kukutoa ilikuwa rahisi kuliko kukutazama kila Jumapili ukiinamisha kichwa upande mmoja ili unisikie.

Mkirudia kupiga picha, fimbo ishikwe mkono wa kushoto.

Shangazi